Nguo Zilizokuwa Ng'ambo ya Kijito

Wanawake ninaosoma nao darasa la jioni kanisani hunijia na maswali tukishafunga vitabu. Mwalimu hawamuulizi, maana mwalimu ni mwanamume. Mimi huniuliza kwa kuwa nimeshazaa mara nyingi na nimekaa na wazazi wengi. Mjamzito anakula mayai? Namwambia ale akiyapata. Anabeba kuni? Abebe kidogo, akichoka atue. Uchungu wa kweli utaujuaje? Ule wa uongo ukitembea unapoa, wa kweli ukitembea mnakwenda nao.

Lakini kuna swali wanaloliuliza kwa sauti ya chini, hata kama tumebaki wenyewe. Je, ni vibaya kumwandalia mtoto nguo kabla hajazaliwa? Hapo sina jibu fupi. Hapo inabidi niwaeleze habari za mama mkwe wangu.

Mimi nilizaliwa Mahongole, nikaolewa juu, upande wa Njombe. Mahongole kuna baridi, lakini kule nilikoolewa ndiko baridi inakotoka. Mwezi wa sita na wa saba ukifungua mlango asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu, ukiyakanyaga yanalia chini ya mguu. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge, mbali, kama wanaume wengi wa wakati ule wa vita. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yake.

Desturi tuliyoikuta ilikuwa hii: mtoto ambaye hajalia haandaliwi kitu. Huchongi kitanda, hushoni nguo, hata kumtaja sana hutakiwi. Mama mkwe alikuwa na msemo wake. "Mgeni hajapiga hodi, wewe umeshatandika. Akigeuza njia, utalala wewe kwenye mkeka huo?" Kwa hiyo mtoto wangu wa kwanza alipokuja, mwezi wa saba, hapakuwa na kitu. Mama mkwe alivua shuka lake mwenyewe akamfunika nalo, na shuka lilikuwa na unyevu wa ukungu kwa sababu alikuwa ametoka kuteka maji. Yule mtoto hakumaliza juma. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mama mkwe hakulisema tena jambo lile. Ila tangu siku hiyo nilimwona akianika shuka lake juu ya moto hata kama ni kavu.

Mimba ya pili nilipoiona imekaa, nilikwenda zahanati ya misheni. Ilikuwa mbali, mtu mzima mwenye afya anaondoka alfajiri na kufika jua likiwa kichwani. Mganga pale alikuwa mama wa Kizungu, anayesema Kiswahili cha polepole na kuchanganya Kibena anapokwama. Alinipima, akaniambia nile mayai na maharage, nisiogope. Kisha akauliza nguo za mtoto ziko wapi. Nikasema hakuna. Akauliza yule wa kwanza alivaa nini, nikamweleza. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema huyu naye atazaliwa kwenye baridi, na kwa mtoto mchanga baridi yenyewe ni ugonjwa. Tafuta nguo, akasema, zifue, zikaushe vizuri, zikae tayari. Na mwezi ukikaribia uje ungoje hapa hapa.

Nilirudi na maneno hayo mazito kuliko mzigo wowote. La mayai nilimwambia mama mkwe kwanza, maana lilikuwa jepesi. Wakubwa walikuwa wanasema mama akila mayai mtoto atatoka na kipara. Kuanzia siku ile nikimega ugali wangu nakuta yai limefichwa katikati. La nguo nilimwambia baadaye. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Nikajua amekataa.

Jumapili, tukitoka kanisani, alisimama njiani.

"Waliosema usishone, walisemaje hasa?"

"Walisema mama asimshonee mtoto wake."

"Mtoto wake," akasema. "Haya, twende."

Hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka ng'ambo ya kijito chetu, kwenye nyumba ya Waroma. Sisi Walutheri na wao tulikuwa majirani wa kupungiana mikono. Kamwene, kamwene, salamu tu juu ya maji, basi. Pale palikuwa na mama kijana wa rika langu, mjamzito kama mimi, na mama yake mzazi aliyekuja kumwangalia, bibi mmoja mkavu mwenye tasbihi shingoni. Mama mkwe alikaa, akapewa uji wa ulezi, akaumaliza, ndipo akasema alichokuja nacho. Mkwe wangu atamshonea mtoto wenu. Binti yako atamshonea wetu. Nguo za wetu zikae kwenu, za wenu zikae kwetu. Hakuna mama atakayekuwa amemwandalia mtoto wake.

Bibi akasema Walutheri huimba kama watu wanaogombana, hakujua kwamba huwa wanafikiri pia. Mama mkwe akamwambia wao huhesabu sala kwa shanga wasije wakamzidishia Mungu. Wakacheka wote wawili, wakapatana.

Kitambaa kilikuwa adimu kwa sababu ya vita. Tulishuka mpaka Makambako, pale malori yanaposimama, tukapita duka kwa duka tukitafuta amerikani. Kote tuliambiwa haijaja. Tukarudi mikono mitupu. Kesho yake nilimkuta mama mkwe amekaa mlangoni na gauni lake jeupe la kanisani, lile la meza ya Bwana, analikata kwa kisu.

"Mama, hilo la kanisani."

"Bwana ataniona hata na kaniki," akasema. "Ukimshonea mwenzio tambara, na wewe utashonewa tambara."

Nilishona gauni lile likawa nguo za mtoto wa Waroma. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule. Nilikuwa najua kwamba ng'ambo ya kijito kuna mtu ananishonea wangu, na nikiruka pindo, labda naye anaruka.

Mwenzangu alitangulia kujifungua, mtoto wa kike. Mama mkwe alibeba kapu la nguo mpaka kwao akarudi anacheka peke yake. Mimi nilikuwa na muda bado, au ndivyo tulivyodhani. Tulipanga tumalize kuvuna viazi ndipo twende kungojea zahanati. Lakini siku chache baadaye, asubuhi yenye ukungu mzito, nilishikwa na uchungu nikiwa shambani. Nikatembea ili nione kama utapoa. Haukupoa. Kwa jinsi ulivyokuwa unafuatana nilijua zahanati sifiki, na mama mkwe naye alijua alipouona uso wangu. Akaniketisha, akavuka kijito kwenda kuchukua kapu letu.

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo wakubwa wawili wenye akili walilisahau walipokuwa wanapatana. Nyumba yenye mtoto ambaye kitovu hakijadondoka haitoi kitu. Haitoi moto, haitoi chumvi, haitoi hata kijiko. Kitu kikitoka, wanasema kinatoka na pumzi ya mtoto. Na kitovu cha yule wa kike kilikuwa bado.

Bibi alimzuia mama mkwe mlangoni. Haikuwa roho mbaya. Alilia, mama mkwe aliniambia baadaye. Alimwambia, "Mwenzangu, nikilitoa kapu hili na mjukuu wangu akafa, utanirudishia?" Na mama mkwe, aliyewahi kuzika mjukuu, aligeuka akavuka tena kijito.

Nilimwona akitokea kwenye ukungu, mikono mitupu. Nikaangalia ndani kwetu. Palikuwa na blanketi moja lililochakaa na mashuka yetu ya mwilini, yale yale ya mara ya kwanza, na kuni mbichi zinazotoa moshi tu. Nikaanza kusali, lakini maneno hayakuja, ilikuja baridi tu. Mama mkwe alisimama mbele yangu. Midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani na yeye alikuwa anasali. Kisha akaacha.

"Inuka," akasema. "Nguo haziwezi kutoka. Basi wewe utaingia."

Tulivuka kijito juu ya gogo. Yeye alikuwa nyuma yangu, amenishika kiuno kwa mikono miwili, na kila uchungu ulipokuja tulisimama hapo hapo mpaka upite. Hakuniambia jikaze wala vumilia. Aliniambia mguu wa kushoto, sasa wa kulia.

Bibi alipotuona mlangoni alipanua mikono kuziba njia. Mama mkwe hakupaza sauti.

"Umesema kitu hakitoki. Hukusema mtu haingii."

Yule bibi alimtazama, akanitazama mimi na tumbo langu, akamtazama tena yeye. Nikaona mikono yake inashuka.

"Wewe ungekuwa mzee wa baraza," akasema. "Mwingizeni, anapata baridi huyo."

Ndani kulikuwa na joto. Moto wa mzazi hauzimwi, na wao walikuwa wameuwasha tangu mwenzangu alipojifungua, kuni kavu za miwati. Mwenzangu alisogea ukutani na mtoto wake ili nipate nafasi. Nilijifungua kabla ya mchana, mwanamume. Mwanzoni hakulia. Mama mkwe alimsugua mgongo, bibi akashika tasbihi, nami nikawa nasikia moto tu. Kisha akalia, na kilio kilikuwa cha hasira. Mwenzangu, huku anamnyonyesha wake, alipeleka mkono mmoja chini ya kitanda akavuta kapu. Lilikuwa limekaa karibu na meko, nguo zilikuwa na joto kama mkate. Alikuwa amezishona kutoka kwenye shati la mume wake, na mfuko wa kifuani alikuwa ameuacha kwa sababu aliona umeshonwa vizuri.

"Huyu ameshapata mfuko," mama mkwe akasema, "na jembe hana."

Sasa na mimi nilikuwa nimefungwa, maana kitovu cha wangu nacho ilibidi kingojewe. Nikakaa kwa Waroma, na mama mkwe akakaa nami. Jioni ya kwanza bibi alianza tasbihi na mama mkwe akaanza wimbo, wakashindana mpaka watoto wakaamka. Jioni ya pili walipokezana. Yule mama wa zahanati alipata habari, akaja kwa miguu, matope mpaka magotini. Aliuliza imekuwaje mimi niko huku. Mama mkwe alimweleza yote, gauni, kapu, kitovu, mlango. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliingiza mkono chini ya nguo akashika miguu ya mtoto wangu, akaiacha mkononi mwake kwa muda, akamwambia mama mkwe, "Ina joto." Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chumvi na jirani. Lakini mimi nilimwona akigeuka kuelekea ukutani na kupangusa macho.

Nikiwaeleza haya wanawake wa darasani, wengine huniuliza kama mama mkwe alikuwa ameacha desturi au alikuwa ameishika. Siwajibu kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu aliyetukanwa siku ile, wala wa zamani wala wa zahanati, na mtoto alipata joto. Biblia nimeisoma mwenyewe sasa, polepole, kwa kidole, na nimekutana humo na wanawake wenye hekima. Kila mmoja nampa uso wa mama mkwe.

Kitovu cha wangu kilidondoka, tukaaga. Ilikuwa asubuhi na majani yalikuwa meupe. Bibi alisema tungoje jua. Mama mkwe akasema jua la mwezi wa saba ni la kutazama tu, halikaushi kitu. Alichukua fimbo akatangulia. Njia yote, kutoka mlangoni mwao mpaka kijitoni, na kutoka kijitoni mpaka kwetu, alikwenda ameinama akipiga majani huku na huku, barafu ikidondoka kabla sijapita, ili shuka nililombebea mtoto lisiguse maji. Nguo zake yeye zililowa mpaka mapajani. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nyumbani nilimfunua mtoto. Alikuwa amelala na ametoka jasho puani. Mama mkwe alimgusa kwa mgongo wa kidole, akanitazama, akatoka nje kuchanja kuni.