Thelathini na Mbili Haitolewi

Njia ya katikati ya grinhausi yetu ya miche, huku Timau, haipitishi watu wawili. Msimamizi wetu, tuliyemwita Madam, alikuwa amesimama mbele yangu, simu sikioni. Nyuma yangu ni ukuta wa plastiki. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa na yeye ndiye angeamua kama nitabaki. Mama tayari alikuwa amewatangazia wenzake wa kanisa kwamba nimebaki.

Tulikuwa tunanunua hita. Kitabu cha waliotuuzia plastiki, cha Kimarekani, kilisema nyumba hii hupoteza wati mia tatu kwa kila digrii moja ya Farenhaiti ya tofauti kati ya ndani na nje. Muuzaji wa hita, kule Meru mjini, ndiye aliyekuwa kwenye simu, akitaka jibu kwa Selsiasi.

"Hiyo ni ya shule ya msingi," Madam akasema. "Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa. Mia moja arobaini na tisa."

Thelathini na mbili hutolewa unaposoma kipimajoto, kwa kuwa vipimo hivyo viwili havianzii mahali pamoja. Tofauti haina pa kuanzia. Nikajaribu kichwani: nje Selsiasi kumi, ndani ishirini. Kwa Farenhaiti ni hamsini na sitini na nane; tofauti kumi na nane. Mara mia tatu, elfu tano na mia nne. Ukigawa kwa zile kumi za Selsiasi, mia tano na arobaini. Hita ya Madam isingefikisha hata theluthi ya joto hilo. Miche ingekufa.

Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Nikikosea, nitaaibika mimi. Nisipokosea, ataaibika yeye, na kalamu ya mkataba ni yake.

"Madam, ngoja kidogo."

"Unataka kupita, injinia?"

"Hapana. Hiyo thelathini na mbili haitolewi."

Kina mama waliokuwa wakipandikiza miche wakatugeukia. Madam akaweka simu kwenye spika. "Mwambie mwenyewe."

Nikaeleza. Muuzaji akacheka. "Madam, huyo kijana mfungie huko huko! Akitoka atatuharibia soko la hita ndogo."

Madam hakucheka. "Sawa. Wewe ndiye unajua nyumba inapoteza kiasi gani, basi wewe ndiye utaichunga. Mkataba wa miaka miwili. Jumapili pia, baridi haina sabato."

Nikasema asante. Kina mama wakanipigia makofi. Mimi nikaanza hesabu upya, polepole, nikitafuta kosa.