Siku Niliyompeleka Ghati Vitani

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilimfunga mtoto mgonjwa mgongoni kwa kitenge nikaenda naye vitani. Usicheke. Ndivyo tulivyoita wenyewe: vita. Tulikuwa watu saba wa kikundi cha maombi hapa Nyambureti, tumefunga tangu Jumapili, sauti zimetukauka, na adui tuliyekuwa tunamwendea alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, ameketi uani kwake anapepeta mtama. Bibi huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Ngoja nikueleze tulifikaje huko, maana mtu haamki tu asubuhi akawa mjinga. Ujinga nao hulelewa.

Nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja tu, na moto wa wokovu ulikuwa unaniwaka kweli. Simdharau yule msichana niliyekuwa, alimpenda Mungu. Lakini kila kitu alikiona pepo. Mbuzi akikohoa, pepo. Ugali ukiungua, pepo, wakati aliyeuacha motoni ni yeye mwenyewe akipiga soga na majirani. Sasa Ghati, binti yangu wa kwanza, alipofikisha miezi saba, mama mkwe, Bibi Wankuru, alimpakata, akatafuna punje za ulezi, akamtemea kidogo kifuani. Kwa wazee wetu hiyo ni baraka. Mimi mwenyewe nilitemewa hivyo hivyo nikiwa mchanga, na nimekua. Ila wiki ile mhubiri mmoja mgeni alikuwa amepita akitufundisha kwamba mate ya mzee asiyeokoka ni agano la giza. Siku ya tatu baada ya baraka ile, mtoto akashikwa na homa.

Moyo wenye hofu, mwanangu, ukikuta vitu viwili vimekaa jirani, huvifunga kamba moja. Sikuuliza. Wala sikungoja.

Jumapili nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mama mkwe wangu amemloga mwanangu, na jina nikalitaja. Kiongozi wetu wa maombi, kijana mwenye bidii kuliko busara, akatikisa kichwa kwa huruma: "Kikulacho ki nguoni mwako, dada." Tukatangaza kufunga siku tatu, nami ninayenyonyesha nikafunga pia. Mume wangu alikuwa mbali, huko Natta, mlinzi kwenye kambi ya watalii, hakujua lolote. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kadi ya kliniki niliiacha chini ya godoro, kwa sababu niliona kwenda kwa nesi ni kupungukiwa imani.

Basi Jumanne hiyo tukauzunguka ua wa mama mkwe. Tukakemea, tukamwaga mafuta mlangoni kwake, tukapiga kelele "Toka! Toka!" mpaka kuku wakakimbilia shambani. Bibi akaweka ungo chini, akatutazama mmoja mmoja. Ghati alikuwa ametulia mgongoni mwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani huo ndio ushindi, kwamba pepo anaachia.

Bibi akapita katikati yetu, akaja moja kwa moja kwangu, akaweka kiganja kwenye kichwa cha mtoto. Kijana yule kiongozi akapaza sauti, "Usimguse!"

"Nyamaza, mura," akamwambia, kama wazee wetu wanavyowaita vijana. Kisha akanigeukia. "Mama Ghati, mtoto anaungua. Nyote saba mnapigana na mimi. Na homa anapigana nayo nani?"

Nilipomfungua mtoto, macho yalikuwa yamegeukia juu na mikono imekakamaa. Degedege. Nakwambia ukweli, sikukumbuka aya hata moja. Ni yeye aliyelowesha khanga yake kwenye mtungi akamfuta mtoto, ni yeye aliyemwita shemeji yangu alete baiskeli. Nilikaa nyuma, mtoto mapajani, na kila nilipogeuka nilimwona bibi kwa mbali anakuja peku nyuma yetu, jua la saa saba, njia nzima mpaka zahanati.

Nesi alikuwa mgeni, kapangiwa kazi kwetu kutoka Mbeya. Alimpima mtoto, akasema malaria imeshapanda kichwani. "Umechelewa, dada. Omba, lakini nishikie huu mkono nimtundikie dripu." Nikaomba huku nimeshika mkono. Mpaka leo sijasikia fundisho la imani linalolipita lile.

Siku mbili hatukujua kama atabaki. Akabaki. Ghati sasa ni mama wa watoto wawili kule Matongo, na ana mdomo kuliko mimi.

Mtoto alipoomba ziwa mara ya kwanza, nilitoka nje nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi siku zote hizo mbili.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Ungekuja kuniuliza tu. Lakini lile neno hukuniambia mimi, uliwaambia watu. Kalichukue huko ulikoliacha."

Nilienda. Jumapili iliyofuata nilisimama palepale nikasema nimekosea. Mchungaji wetu, mzee mpole aliyekuwa safarini wakati wa ujinga wetu wote, alilia pamoja nami, kisha akatukemea hadharani. Alisema adui wa mwamini si mtu wa nyama na damu, na ukishampa adui huyo uso wa jirani yako, umeshindwa kabla hujafumba macho kuomba. Wengi waliamini ushuhuda wangu wa pili. Wengine walinong'ona kwamba bibi ameshanifunga mdomo. Lisemwalo lipo, walisema. Akina mama wakawa wanawafunika watoto wao nyuso alipopita kwenda kisimani. Ningemkimbilia yupi nimwache yupi? Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipomzaa Marwa, mtoto wa pili, nilimpeleka kwake mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, mbariki." Alimpakata, akamwangalia kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Hapana, mwanangu. Akipata homa kesho, watasema nini?"

Nimezaa watoto watano. Baada ya Ghati hakutafuna ulezi kwa ajili ya mwingine, mpaka tulipomzika. Hilo linaniuma hata leo, na wala siombi linipite. Shetani alikuwepo uani siku ile, sikatai. Ila hakuwa upande wa mwenye ungo.

Najua nanyi mnapigwa. Mimba zinatoka, ng'ombe wanakufa, ndoa zinayumba, na kwenye simu zenu kila saa kuna mtu anawatumia maombi ya kuvunja na kuteketeza. Mimi si wa kukwambia hakuna adui. Yupo, na hofu ndiyo mlango anaoupenda. Kwa hiyo funga, omba, kemea, mwanangu, lakini jichunguze unapoinuka. Ukijikuta unamchukia mtu ambaye hukumchukia ulipopiga magoti, jua hukuomba peke yako. Mtoto akipata joto, mkimbize zahanati huku unaomba, Mungu anasikia hata juu ya bodaboda. Mzee ukimshuku, nenda kwake mchana, mwamkie shikamoo, kaa naye, umuulize. Kuuliza si ujinga. Na yeyote akikuletea jina la jirani yako na kusema ni ufunuo, hata awe mtumishi mwenye suti, mshukuru kwa kufika, kisha usilibebe jina hilo hata hatua moja.

Mungu akulinde nje na ndani, mwanangu, na hasa ndani. Akupe imani inayoweza kusimama bila kuwa na mchawi wa kuegemea. Afunge ulimi wako unapoogopa, aufungue unapotakiwa kuomba radhi. Na utakapozeeka, ukawa na meno machache na maneno mengi kama mimi, watu wa nyumbani kwako wakuletee watoto wao mikononi bila kuogopa, nawe uwapokee bila kuogopa. Amina.