Mbio Haziliwi

Harufu ya kahawa iliyoanikwa juani hunipandisha hasira kwanza, ndipo inikumbushe nyumbani. Msimu mmoja wa kahawa, miaka ya themanini, nilikuwa darasa la tano kijijini kwetu Chonyonyo, na nilikuwa sishikiki. Kwenye mchujo wa mbio niliwaacha wasichana wote, hata wa darasa la saba, tena pekupeku. Nikajua nakwenda Kayanga kwenye mashindano ya wilaya. Thubutu! Mwalimu wa michezo aliposoma majina, langu halikuwemo. Alichaguliwa msichana niliyemshinda, eti kwa kuwa ana raba. "Hatuwezi kupeleka mtoto pekupeku mbele ya wakubwa," alisema. "Utatuaibisha." Jamani, mimi nilishinda kwa viatu au kwa miguu?

Nyumbani nililia mpaka sauti ikakauka. Baba alikuwa akigeuza kahawa mikekani. Akaniambia ninyamaze, mwenye nguvu mpishe, na mbio haziliwi. Hayo yaliniuma kuliko ya mwalimu. Bibi, mama yake baba, aliingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake kisha ikakaushwa, ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima. Mtoto hapewi. Akanikalisha kwenye mkeka wake, akaninyooshea kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni wangu. Nieleze."

Nikaeleza yote huku natafuna, uchungu wa kahawa ukichanganyika na makamasi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akamgeukia baba: "Mtoto kadhulumiwa. Usimwambie anyamaze." Kesho yake alivaa kanga yake ya kanisani, akanishika mkono hadi shuleni, akamweleza mwalimu vivyo hivyo mbele ya walimu wenzake. Hakikubadilika kitu. Lori la wanamichezo liliondoka bila mimi, na mpaka leo sijamsamehe yule mwalimu. Ila sikulia tena.

Siku hizi raba zimejaa sokoni, lakini dhuluma haijaisha. Juzi binti yangu alirudi analia: kaachwa kwenye timu ya netiboli, nafasi yake kapewa mtoto wa mkubwa fulani. Nikajisikia nikisema, "Nyamaza, netiboli hailiwi." Aibu iliyonishika! Nikaenda kutoa kikapu cha bibi, nikatandika mkeka, nikamkaribisha mgeni wangu. Alitafuna amekunja uso, akaeleza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kesho nitakwenda naye kwa mwalimu.

Kanga ya kanisani nilikuwa nimeshaitoa.