Namna Mjomba Anavyoshindilia Gobore

Kibuyu kilikuwa juu ya kichuguu na mjomba alikikosa tena. Tena siyo kwa kidogo. Udongo uliruka kushoto kabisa, kunguru wakahama mti.

"Jana kulia, leo kushoto," nikamwambia. "Mjomba, wewe ndiyo unakiogopa hicho kibuyu au kinakuogopa wewe?"

"Hebu tulia, mjomba," akanijibu. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyohivyo, hata mpwa akiwa msichana.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, na kusubiri siyo kipaji changu. Mama akanipeleka kwa kaka yake, kijiji cha ndani kidogo ukitokea Kigwa, nikasaidie shamba. Mjomba ana gobore la kibali alilorithi kwa babu, yale ya kujazia mdomoni. Unatia baruti, unafuata na kitambi, kizibo cha nyuzi za gome la mti wa myombo, halafu risasi, halafu kitambi kingine, na kila kimoja unakishindilia kwa fimbo ndefu. Nyuzi hizo anazichuna mwenyewe, kwenye gome lilelile analotengenezea mizinga ya nyuki. Mimi alinifundisha nikiwa mdogo, nikija likizo, maana watoto wake wote walikuwa hawataki kunuka moshi.

Kazi ya gobore hilo ni nguruwe pori. Mahindi yakianza kubeba wanakuja, na wakiingia shamba hawali tu, wanayalaza chini. Miaka yote majirani walikuwa wanalala kwa sababu ya mjomba. Msimu huo alikuwa hajapiga hata mmoja. Wakaanza kumsalimia kwa utani. "Mwangaluka, mzee. Na nguruwe wako wameamkaje?" Anaitikia anacheka, lakini akifika nyumbani anaacha ugali nusu.

Siku moja akamwambia mke wake, mimi nasikia, kwamba mahindi yakianza kukauka kabla hajapata shabaha, gobore analirudisha polisi Tabora.

"Bunduki isiyopiga ni kuni zenye kibali," akasema.

Mke wake aliendelea kuchambua karanga, ila polepole kuliko kawaida. Ile nyumba bila lile gobore ukutani sikuweza kuifikiria, na nadhani hata yeye hakuweza.

Kila mtu alijua tatizo ni macho, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyosema. Kwa hiyo tukapanda basi la asubuhi, tukaenda mjini kupima. Akapewa miwani. Alipotoka nayo nje akasimama anasoma kwa sauti kila kibao cha duka, mpaka nikamvuta shati.

Tukapitia kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi anayenunua asali yake. Wanajuana tangu ujana, na babu wa yule mzee alizaliwa hapohapo Tabora.

"Miwani hiyo? Umekuwa mwalimu?" akamuuliza.

"Nimekuwa kipofu. Kibuyu kinanishinda."

"Usiku?"

"Mchana kweupe."

Yule mzee akacheka, akavuta kigoda, nikajua basi la kurudi tumelichelewa. Akaanza kusimulia marehemu baba yake, aliyekuwa mlenga shabaha kwa bunduki ya raifo, na alikuwa akijaza maganda ya risasi mwenyewe, kwa kibali. Alikuwa na kifaa cha kubana mdomo wa ganda ili ushike risasi.

"Akaniachia mimi nibane," akasema. "Nikabana kwa nguvu zangu zote. Nilijua ikikazwa sana ndiyo inakwenda sawa. Tukaenda kupiga, tundu moja huku, jingine kule. Baba hakugomba. Akasema bana kidogo, bana sana, ukitaka usibane kabisa, lakini zote zifanane. Ukibana hii hivi na ile vile, kila moja inatoka na akili yake."

"Lakini gobore halina ganda," nikasema. Nilikuwa natazama saa ya ukutani.

"Halina, mama. Nakupa hadithi tu, bei ya asali tunaongea baadaye."

Kesho yake mjomba akavaa miwani, akasimama mbele ya kichuguu. Akaniambia anaona mpaka mchwa. Akapiga, akakosa. Akajaza tena taratibu, akapiga, akakosa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Ule upole ndio ulioniudhi. Ningependa atukane.

Alipoanza kujaza tena nikaona atamaliza jioni. Nikamnyang'anya fimbo.

"Lete, mjomba. Wewe pumua."

Nikashindilia kama alivyonifundisha zamani, mpaka fimbo yenyewe inarudisha mkono. Akapokea, akalenga, akapiga. Kibuyu kikapasuka, vipande vikamwagika kila upande wa kichuguu.

"Miwani imezoea," akasema, uso wote unacheka.

Nikaweka kibuyu kingine. Akajaza mwenyewe, akakosa. Nikajaza mimi, akapata. Pale ndipo yule mzee wa dukani akanirudia kichwani, na kigoda chake. Nikamwomba mjomba ajaze, halafu nipige mimi. Nikakosa vibaya, na macho yangu mimi yanasoma kibao cha basi kabla halijaingia stendi.

"Jaza tena," nikamwambia. "Safari hii nakuangalia mkono, siyo kibuyu."

"Unaniangalia kama nani?"

"Kama mjomba wako."

Akajaza. Alianza na mkono wa kulia, vizuri kabisa, fimbo inapanda na kushuka. Halafu ikafika mahali bega likakataa. Akahamishia kushoto, akagonga kidogo, akaacha. Kitambi cha pili akagonga kwa hasira mpaka jasho likamtoka. Mwaka uliopita alianguka akaumia bega wakati anatundika mzinga. Tulijua. Tulijua pia amepona, kwa sababu ndivyo alivyosema.

"Mjomba, hilo bega."

Akaenda akaegemeza gobore kwenye kichuguu, mdomo juu, akakaa chini.

"Najua," akasema.

"Sasa mbona ulisema macho? Tumeenda mpaka mjini."

Alikaa akichezea kipande cha kibuyu. "Macho yana miwani," akasema. "Bega lina nini? Nikisema bega, mke wangu atanikataza na mizinga. Nikae nifanye nini, nihesabu mbuzi wa watu?"

Nikasema la haraka lililonijia. "Mimi nishindilie, wewe upige. Kwani kibali kinasema lazima mtu ashindilie mwenyewe?"

"Kibali kinasema jina langu."

"Basi utapiga kwa jina lako."

Akacheka. Kisha akasimama, akanifanyisha mazoezi kama askari. Nilikuwa nagonga haraka haraka nimalize, na yeye akisikia mlio tu anakataa. "Hiyo siyo kama ile ya kwanza. Toa, anza upya." Nikalalamika kwamba nimekaza zaidi, si ndiyo bora. "Sitaki zaidi," akasema. "Nataka kama ile." Mikono iliniwaka. Lakini jioni ile vibuyu viliisha, mke wake akatugombeza, maana kimoja kilikuwa cha maziwa.

Mezani mjomba akamwambia yeye mwenyewe habari za bega. Alisema haraka, akiangalia ugali. Mke wake akamtazama, akasema, "Nilijua. Unavaa shati kama mtoto, mkono mmoja kwanza." Mizinga hakumkataza. Alisema tu, "Ngazi ashike mpwa wako."

Nguruwe walikuja wiki ile ile. Nikashindilia, mjomba akapiga, mmoja akabaki shambani, wengine hawajarudi mpaka ninapoandika, na mahindi yamekauka yakiwa wima. Gobore lipo ukutani. Jirani mmoja Mkristo alichukua ile nyama, sisi hatuli, akaleta kuku badala yake na kusalimia bila utani.

Majina bado hayajatoka. Leo asubuhi mjomba kavaa miwani, anachambua mchele na mke wake, na kila punje anaikagua. Mimi nimekaa kizingitini nasokota nyuzi za myombo, vitambi vya msimu ujao. Ameshanirudishia viwili. Anasema havifanani.