Skuta ya Kaka na Abiria wa Mlima wa Kinole

Ukitaka kucheka, ngoja nimalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, kwenye barabara inayopanda kutoka Bigwa kwenda Kinole, na kovu lake liko gotini hadi leo. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini. Nimesomea uhandisi, na ni mtu wa kuhakiki kila kitu mara tatu. Hata mlango niliofunga kwa mkono wangu narudi kuusukuma. Kama kuna maelezo mengine, ningekuwa wa kwanza kuyapata. Nimeyatafuta sana.

Kaka yangu Hamisi alikuwa dereva wa bodaboda. Ajali ya lori ikamwondolea mkono wa kulia, ule wa kuongeza mwendo na kushika breki. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa barazani kwetu Mwembesongo, mama akimfunga vifungo vya shati kama mtoto. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, basi nikaunda skuta ya umeme inayoendeshwa kwa miguu peke yake.

Haina usukani. Unasimama juu ya ubao, na ndani yake kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka kwa kasi na kuifanya isimame wima yenyewe. Ukiegemea kushoto, inakata kushoto. Ukibonyeza kwa vidole vya miguu inaongeza mwendo, ukibonyeza kwa visigino inashika breki. Kioo kidogo mbele kinaonyesha kilo za aliyepanda, ili mashine ijue itumie nguvu kiasi gani kujishikilia.

Kwenye tambarare ilikuwa raha. Kwenye mteremko ilinitupa kila mara. Siku moja Hamisi alinitazama nikirudi na tope mpaka kwenye nywele.

"Injinia," akasema, "Ijumaa baada ya swala nitaipanda. Mara moja tu. Ikinitupa mbele za watu, usiniletee tena kitu chochote."

Alicheka aliposema hivyo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango kwa bega.

Alhamisi nikaipeleka mlimani peke yangu. Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu ndipo goti lilipochanika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka sikuona migomba ya ng'ambo ya barabara. Nilikaa kwenye tope nikalia, niseme ukweli. Nikawaza: je, tatizo ni programu? Ni betri? Ni mimi?

"Unaanguka vibaya," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamke, tenga la mananasi kichwani, mikono yote miwili kiunoni. Umri wake sikuweza kuukisia. Nikaamua kumwamkia shikamoo, maana kukosea kwa upande huo si kosa. Hakuitikia. Nikamwangalia miguu. Peku. Barabara yote ilikuwa tope, mimi mwenyewe nilikuwa tope, lakini miguu yake ilikuwa mikavu na misafi kama ya mtu aliyetoka kutawadha.

Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi nilianza kufikiria sababu. Labda amepita kwenye majani. Labda ameoga mtoni. Nilikuwa bado nafikiria aliposema, "Vua viatu."

Nikavua.

"Panda hicho kidude chako. Haya, tazama vidole vyako."

Vilikuwa vimekunjika kama vinataka kuchimba ubao.

"Naogopa," nikasema.

"Nani hushuka huku bila kuogopa? Woga unakunja kidole, kidole kinashika ardhi, mtu hadondoki. Wewe na akili zako zote umechukua kidole cha woga ukakipa kazi ya kuongeza mwendo!"

Akacheka kwa sauti kubwa, na niamini, hakuna nanasi hata moja lililotikisika.

Nilisikia aibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Kila nilipoogopa, mashine ilikwenda mbio zaidi. Nikafungua kifuniko, nikabadilisha nafasi za nyaya mbili: vidole vikawa breki, visigino vikawa mwendo. Nilipopanda tena, akapanda nyuma yangu bila kuombwa, na tenga lake kichwani.

Springi zilibonyea. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, wa baridi. Nikatazama kioo. Peke yangu huwa kilo hamsini na nane. Kilisoma hamsini na nane.

Nilijiambia kihisi, kile kinachopima uzito, kimeingia maji. Nilijiambia hivyo njia nzima, vidole vikiwa vimekunjika kwa hofu, na skuta ikashuka ule mteremko polepole, imetulia kabisa. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Bigwa akateremka.

"Kiache hapa," akasema. "Kimenipendeza. Na ujanja wa mguu niliokufundisha ni wangu."

Sijawahi kumkatalia mtu maishani. Hata muuza nyanya akinipa mbovu, nachukua na kushukuru. Lakini niliuona akilini ule mlango uliofungwa kwa bega.

"Hapana, mama. Samahani. Ni ya kaka yangu."

"Unajua unayemkatalia?"

"Sijui. Na hapana."

Akasema, "Basi nitakuwa napanda."

"Panda," nikasema. "Lakini breki ni zangu."

Ukungu ukamfunika. Nikabaki na harufu ya nanasi bivu, na ubaoni palikuwa na ngata ya majani makavu ya mgomba, ile ya kuwekea mzigo kichwani. Ninayo mpaka leo.

Ijumaa Hamisi alivua viatu, akapanda, akashuka mteremko wote mtaa mzima ukimtazama. Alirudi juu, akashuka tena. Sasa anateremsha matunda ya watu kutoka Kinole, na vifungo vya shati anajifunga mwenyewe, kwa kutumia meno, kwa ubishi.

Pale kwenye kona ya mwisho, kila safari, springi zinabonyea, na namba kwenye kioo haiongezeki. "Abiria wako kapanda," huniambia akirudi. Mama amefukiza ubani. Shehe amesoma dua, na dua nimeipokea kwa mikono miwili. Majirani wanataka niichome. Siichomi. Mkono wa kaka hawakuurudisha wao.

Nawe ukipita njia hiyo mchana wa ukungu, akikuomba lifti, mpe. Akikuambia umwachie chombo chako, kataa, kwa adabu, ukiwa peku. Vidole vitakunjika kwa hofu. Usivinyooshe.