Nyasi za Kutufikisha Serengeti

Harufu ya nyasi kavu asubuhi, kabla jua halijazichoma, hunisimamisha njiani mpaka leo. Ina utamu kidogo na vumbi kidogo, na kwangu mimi haikamiliki bila moshi wa samadi ya ng'ombe kwa mbali. Nikiisikia, hata kama nipo mjini Shinyanga nyuma ya duka la vipuri ambako mtu amefyeka kiwanja chake, narudi palepale, miaka ya sabini, kwenye ngitili yetu huko Kishapu, nikiwa na umri wa miaka tisa na mwiba kisiginoni. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia hulifunga wakati wa mvua, asiingie mnyama yeyote, ili nyasi zikue zisubiri kiangazi. Yetu ilizungushiwa miiba, na mlango wake ulikuwa tawi zito la mgunga ambalo uliliburuta ukiingia na kulirudisha ukitoka. Mwenye mamlaka juu ya tawi hilo hakuwa Baba. Alikuwa dada yangu Kabula, aliyekuwa na miaka kumi na mitano.

Kabula alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, kama wengi wa wakati ule. Nyumbani hatukuwa na kaka, kwa hiyo ng'ombe wetu kumi na wawili walikuwa mikononi mwake, na sijawahi kumsikia akilalamika. Jikoni ndiko alikolalamika. Ugali wake ulikuwa na mabonge ya kumvunja mtu meno, na Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto nilimzaa ndani ya nyumba, akatoka, hakurudi tena." Lakini mwulize kanga wanalala mti gani, fisi amepita saa ngapi, nyuki wamehamia wapi, na atakujibu bila kuinua kichwa. Alitembea bila viatu kwenye miiba ambayo mimi niliizunguka. Nilimfuata kila mahali, na kila mahali alinifukuza, kisha akanisubiri kwenye kona.

Baba alikuwa mpimaji wa pamba katika ghala la kununulia, na hapo ndipo alipozoeana na Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini, ambaye baba yake alitoka Pwani na mama yake alikuwa Mnyamwezi. Mzee Salumu alikuwa na lori la kubebea pamba. Siku moja mwezi wa sita alikuja kunywa maziwa kwetu, akasema, "Baba Kabula, nikimaliza pamba yenu, katikati ya mwezi wa tisa, ninapeleka mchele na maharage Seronera, ndani ya Serengeti, kwa wafanyakazi wa mbugani. Nyuma kutakuwa na nafasi. Lete mama na watoto wakaone simba, Inshallah." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Watu wanawakimbia simba, ninyi mnawafuata kwa lori?" Kabula hakucheka. Aliliacha bakuli lake la maziwa likiwa limejaa, akatoka nje, na nilimkuta amesimama zizini anawaangalia ng'ombe kana kwamba ndio walioalikwa.

Maana hao ng'ombe ndio waliokuwa na neno la mwisho. Baba alitueleza waziwazi. Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Nyasi za ngitili zikifika katikati ya mwezi wa tisa, baba mdogo angeweza kuwachunga hapahapa nyumbani kwa wiki moja, nasi twende Serengeti na kurudi. Zikiisha kabla, hakuna safari. Yeye na Kabula wangelazimika kuwaswaga ng'ombe kwa miguu hadi Geita, kwa shangazi, ambako wakati ule kulikuwa na mapori mabichi na watu wachache. "Nyasi ndizo zitakazosema," alimaliza Baba. Kabula alisema, "Zitafika." Kesho yake alichukua kipande cha mkaa, akachora ngitili yote kwenye ukuta wa ghala letu la mtama, akaigawa vipande kumi, kila kipande wiki moja. Ng'ombe wakimaliza kipande, anakifuta kwa kiganja. Kulikuwa na kichuguu, mgunga uliopigwa radi, na korongo dogo, vyote vimechorwa mahali pake. Mpaka leo naweza kuuchora ukuta ule.

Wiki zile za mwanzo zilikuwa, sitaficha, wakati wa furaha kuliko wote niliowahi kuishi. Kabula aliamua kwamba hatuwezi kwenda mbugani kama wapumbavu, hivyo akatufundisha. Alitupanga mstari mmoja ndani ya ngitili, Jumapili baada ya kanisa: yeye mbele, Baba nyuma yake, kisha Mama, kisha mimi. Tulifundishwa kunyata dhidi ya upepo, kukanyaga kwa pembe ya unyayo, kuzungumza kwa vidole. Nilifundishwa kusoma nyayo: huyu alikuwa anakimbia, huyu ana mimba, huyu amesimama hapa akajikuna. Shida kubwa ilikuwa Mama. Kicheko cha Mama kilisikika hadi Mhunze, na alikuwa na khanga moja nyekundu ambayo hakutaka kuiacha. "Simba wako hawajaona khanga?" alimwuliza Kabula. "Wameona, Mama. Ndiyo maana watakimbia." Jumapili ya nne au ya tano, Mama alikuja na khanga iliyopauka, akaketi karibu na kichuguu, akanyamaza. Tulikaa muda mrefu mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Kisha digidigi alitoka kwenye kichaka, mdogo, pua ikichezacheza, akasogea hadi hatua kama kumi kutoka kwa Mama, akala ua moja la manjano, akaondoka bila haraka. Mama aligeuka, macho yamejaa maji, akatuonyesha kidole kimoja. Alimaanisha digidigi mmoja. Baba aliitikia kwa kidole kimoja pia, na tukarudi nyumbani tukiwa bado tumenyamaza, ingawa hapakuwa tena na mnyama wa kumwogopesha.

Mama akaanza kukata viazi vya michembe, akavianika juu ya mwamba vikauke kwa ajili ya njia. Mimi nikaahidiwa gauni. Ukutani vipande vitano vilikuwa vimeshafutwa, na tulikuwa ndani ya cha sita.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Shija, mjane mwenye watoto wadogo na ng'ombe watatu. Hakuwa na ngitili. Tangu mume wake afariki alichunga kandokando ya barabara na kwenye masalia ya mashamba ya watu, na mwaka ule kandokando ya barabara palikuwa pamebaki udongo mtupu. Tuliwaona ng'ombe wake, sote. Mbavu zao zilihesabika. Mmoja alikuwa mwekundu, ukwato wake wa nyuma umepinda, akitembea kama anayechechemea. Tulimsalimia Mama Shija, tukamuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri, nasi tukapita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sina namna ya kuipamba.

Asubuhi moja nilitangulia ngitilini kabla ya Kabula, nikitaka kumwonyesha kwamba ninajua. Mlangoni niliinama juu ya vumbi kama alivyonifundisha. Niliona nyayo za ng'ombe zinazoingia na kutoka, mbichi, za alfajiri ileile, wakati ng'ombe wetu walikuwa bado zizini. Zilikuwa za watatu. Na mmoja alikuwa na ukwato uliopinda. Jamani, nilifurahi. Sikufikiria kingine chochote. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta Baba anakunywa uji na Mama anageuza michembe, Kabula anafungua zizi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: "Baba, ng'ombe wa Mama Shija wameingia ngitilini leo alfajiri. Watatu. Yule mwekundu ukwato wake umepinda, nimeusoma."

Kabula aliacha mti wa zizi aliokuwa ameushika. Hakunitazama mimi, alimtazama Baba. "Nimewaingiza mimi," alisema. Baba aliuliza tangu lini. "Tangu kipande cha nne. Wanakula kidogo alfajiri halafu nawatoa. Wetu nawapeleka mbali zaidi, kwenye mabua ya mtama, ili nifidie." Baba alimaliza uji wake. Alikwenda kwenye ukuta wa ghala, akasimama mbele ya ule mchoro muda mrefu, mikono nyuma. Hakuwa mtu wa kufoka, na afadhali angefoka. Aliporudi alisema, "Tukiwatoa leo, nyasi zitafika, kwa taabu lakini zitafika. Wakibaki, hazifiki. Useme wewe, Kabula, maana ngitili ni yako."

Kabla Kabula hajafungua mdomo, mimi nilisema, "Tuwatoe, Baba."

Nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeahidiwa gauni na simba, lakini hiyo miaka tisa haijawahi kunisaidia kulala vizuri juu ya neno lile. Mama alikuwa ameshika kipande cha kiazi, hakukigeuza. Kabula ndiye aliyeutaka mwezi wa tisa kuliko sisi sote tukijumlishwa. Ndiye aliyejua kila kichuguu ukutani, na ndiye aliyeniambia, tukiwa tumelala chali kwenye nyasi, kwamba akiiona Serengeti mara moja tu, hata akipelekwa jikoni baada ya hapo atakubali. Sasa alikuwa akikwangua udongo kwenye mti wa zizi kwa ukucha.

"Wabaki," alisema. "Shija na wenzake wananywa maziwa ya yule mwekundu."

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane nyasi zilikwisha. Baba na Kabula waliondoka asubuhi na ng'ombe kumi na watano, wetu na wa Mama Shija, kuelekea magharibi. Kabula alikuwa na kibuyu cha maji begani na michembe yote tuliyoikausha kwa ajili ya simba. Nilimfuata hadi mwisho wa shamba. Nilimsubiri anifukuze, kama kawaida yake, lakini alinishika kichwa tu, akaenda. Katikati ya mwezi wa tisa, siku ileile aliyosema, Mzee Salumu alipita na lori, akapiga honi barabarani. Mama alitoka akamweleza. Mzee alivua kofia yake, akasema, "Mwaka kesho basi, Mama Kabula," akaendelea na safari. Nilikaa barabarani mpaka vumbi lilipotulia.

Mwaka kesho haukuwa wetu. Baba alirudi peke yake. Kabula alibaki kwa shangazi kuwaangalia ng'ombe mpaka mvua zije, na zilipokuja shangazi aliugua, na alipopona Kabula alikuwa ameshazoea kule. Aliniandikia barua kuhusu mapori ya Geita: nyani, swala, na watu walioingia na sururu kutafuta dhahabu. Kisha akaolewa Buseresere. Tangu asubuhi ile, kila alipokuja nyumbani alikuja kama mgeni, na mkungu wa ndizi kichwani, akilala siku tatu. Nilikuwa na dada, lakini yule wa kunifukuza na kunisubiri kwenye kona sikumpata tena, na nimemtamani maisha yangu yote kama mtu anavyotamani maji.

Ngitili yetu sasa ni viwanja. Mahali pa kichuguu cha Mama pana nyumba ya bati la bluu yenye geti, na mapori aliyoniandikia Kabula yamechimbwa mashimo. Baba na Mama wamelala makaburini. Watoto wangu hupanga safari kwa simu, wakiwa wamekaa kwenye kochi, kwa muda unaotosha kuchemsha chai, na ndivyo mwanangu wa kwanza alivyopanga mwaka jana kunipeleka Serengeti. Nilimpigia Kabula. "Dada, twende." Akasema, "Na ng'ombe atawaangalia nani, Milembe?" Tukacheka mpaka simu ikakatika.

Alikuja na fimbo, kwa sababu ya goti. Getini dereva alituambia kwa heshima, "Mama zangu, mbugani hairuhusiwi kushuka kwenye gari." Tulitazamana. Zile Jumapili zote, na kunyata kote kule, na khanga ya Mama. Kabula alisema polepole, "Kumbe ile khanga nyekundu angekuja nayo tu." Ndani ya gari hilo, gari likiwa linatikisika, nilimwomba hatimaye radhi niliyoibeba miaka hamsini: kwa kukimbilia kwa Baba badala ya kwake, na kwa kusema tuwatoe. Alinipiga kofi dogo gotini. "Nyayo ulizisoma sawasawa," alisema. "Nilikasirika nusu siku. Halafu nikasema, ah, huyu amejua."

Dereva alisimamisha gari, akanong'ona kwamba simba wako upande wa kulia, jike na watoto wake. Mwanangu alitoa simu. Mimi niliwaona, na walikuwa wazuri. Nilipogeuka kumwonyesha Kabula, alikuwa anatazama upande wa kushoto, ambako hapakuwa na kitu, nyasi tu, za manjano, zimefika kifuani, zinakwenda mpaka macho yanapochoka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo kama mtoto.

"Nyasi zote hizi, Milembe," alisema. "Na wale ng'ombe walikuwa watatu tu."