Kihisi Kilichoacha Kumwona Baba

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa makamo anatambaa kwa viganja na magoti mbele ya banda la kuku. Suruali yake imelowa umande, na mwenye banda anajizuia kucheka. Anafika kwenye tangi la maji, anageuka, anarudi vilevile. Kisha anasimama, anakung'uta magoti na kutembea kama watu wengine. Hapo ndipo simu iliyo mkononi mwa mfugaji inapolia.

"Nikitambaa inyamaze, nikisimama ilie," anasema, akipanda ngazi kukaza skrubu ya mwisho. "Ikilia kwa kila mbwa anayepita, utaichoka na kuizima. Na mwizi atakuja siku hiyohiyo uliyoizima."

Wateja wake wanamwita Fundi Jicho. Kazi yake ni kufunga vihisi mwendo, vyombo visivyo na waya, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Hupachikwa ukutani au kwenye nguzo, na kitu kikipita mbele yake, mwenye mali hupata ujumbe kwenye simu. Huvifunga kwenye mabanda, stoo za mazao na pampu za maji, huko mashambani ambako jirani yuko mbali na mlinzi, akipatikana, hulala fofofo kabla ya ng'ombe.

Ufundi wenyewe uko kwenye kimo. Kihisi hutazama njia mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini. Kinachopita chini peke yake huhesabiwa kuwa mnyama, na chombo hukaa kimya. Kinachokata njia zote mbili ni mtu.

Mshahara hana. Kazi moja nzuri humlipia kodi ya chumba kwa mwezi, na kuna miezi hiyo moja haiji, akarudia kutengeneza redio na pasi za watu. Hayo anayasimulia huku akicheka. Ukimuuliza habari za nyumbani, anaanza kukunja waya ambao ulikwisha kukunjwa.

Nyumbani kuna baba yake, peke yake. Mama alipofariki, fundi alimleta mzee mjini akae naye. Hakukaa. Alishinda ukingoni mwa kitanda, kofia magotini, mithili ya mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Jirani akipita koridoni anainuka kumwamkia, na jirani hana habari naye. Mwishowe aliomba arudi kwa mbuzi wake, na binti hakuwa na moyo wa kumkatalia.

Ndipo alipomfungia kihisi nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa uani. Alimwambia ni kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba pampu ya mzee ilikuwa imekwisha kuibwa, na pale uani hapakuwa na cha kulinda isipokuwa mzee mwenyewe.

"Nilitaka kujua kama ameamka," anasema. "Basi. Simu ikilia asubuhi, najua baba ametoka na ndoo anakwenda bandani. Nabandika chai. Nilikuwa nakunywa naye, ingawa yeye hajui."

Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu. Halafu simu ikaanza kuruka siku. Leo inalia, kesho kimya. Fundi akafanya kile ambacho mafundi wote hufanya wakikwama, akalaumu betri. Akampigia baba, akamwelekeza namna ya kuibadilisha, na mzee akaibadilisha huku akinung'unika. Ujumbe ukazidi kuadimika, hata ukakatika kabisa.

Kila alipompigia kumuuliza kama ametoka nje, jibu lilikuwa moja: ametoka, amerudi, ametoka tena. Binti hakuamini. Alijiambia baba anaumwa na anaficha, kama mama alivyouficha ugonjwa wake. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akamwambia wazi kwamba anashinda kitandani na kumdanganya.

"Umefika mahali pa kuniita mwongo," mzee alisema, akakata simu.

Binti akapanda basi la kwanza, na mkoba wa vifaa begani.

Alipofika alimkuta baba yuko uani, mzima, anawachotea mbuzi maji, na bado amenuna. Fundi akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, simu mkononi, akatazama. Baba akapita mbele ya kihisi na ndoo. Kimya. Akarudi bila ndoo. Kimya. Binti akainuka, akapita palepale, na simu ikalia.

Chombo kilikuwa kizima. Ni baba aliyekuwa amepinda. Mgongo ulikuwa umemwinamisha polepole, hata akawa anapita chini ya ile njia ya juu, akihesabiwa pamoja na mbwa na mbuzi.

Huyu ni mtu ambaye zamani alikuwa akitundika taa kwenye boriti bila kupanda kiti, na milango yote ya nyumba ile ilimlazimu kuinama. Binti yake alipofunga kihisi, hakumwita aje apimwe. Alikadiria tu kwa kichwa.

"Naenda kwa wageni, natambaa kwenye matope ili nipate kimo sahihi," anasema. "Kwa baba yangu sikupima. Nilimfungia yule baba ninayemkumbuka."

Alilia nyuma ya banda, kisha akarudi kuomba radhi na kueleza kilichotokea. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashine yako inanihesabu mbuzi," alisema. "Si neno. Mbuzi angalau hawaulizwi kila asubuhi kama wametoka."

Walicheka wote wawili, na ugomvi ukaishia hapo. Fundi akashusha kihisi. Sasa kinamwona baba, na pia mbuzi, kuku na paka wa jirani. Simu yake inalia mchana kutwa. Yeye mwenyewe anajua kuwa haimwambii tena lolote, lakini hathubutu kuizima.

Mavuno yakiisha, anahama mjini na kurudi kwa baba. Amekwisha kumwarifu mwenye nyumba, na wafugaji wawili wa karibu na kwao wameahidi kumpa kazi. Anajua kipato kitashuka. Anasema mashambani hakukosi mtu wa kuibiwa, na kicheko kinamrudia kidogo.

Kwa nini hakurudi mapema? Hajitetei. "Nilikuwa nasema mwakani," anasema. "Kila mwaka, mwakani. Nina hamu na baba yangu, na yuko hai. Wengine wana hamu na wa kwao walio kaburini. Mimi nilikuwa na hamu na mtu ambaye nauli ya kumfikia ninayo mfukoni."

Wiki iliyopita alimpigia baba kumpa habari ya kuhama. Mzee akauliza ni siku gani hasa.

"Nitasimama barabarani, mama," alisema, "ili usipate shida ya kuniona."

"Ukae tu, baba," binti alimjibu. "Nitakuona."